Wanafunzi wa udaktari wakeshe wodini, ila zamu iwe na mwisho

DEREVA wa gari la abiria nchini haruhusiwi kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Hiyo ni kanuni ya NTSA ya mwaka wa 2014, na wewe unayepanda basi la usiku kwenda Kisumu au Mombasa unaielewa bila kufafanuliwa. Hutaki roho yako iwe mikononi mwa mtu anayesinzia.

Sasa ingia nami katika wodi ya kujifungulia. Ni saa kumi alfajiri. Kijana aliyevaa koti jeupe, pengine wa rika lako, ameinama akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Aliamka jana saa kumi na moja asubuhi. Mchana alikuwa kliniki na darasani, jioni akaingia zamu, na kukipambazuka madaktari wakuu watamtaka kwenye mzunguko wa wodi akiwa na majibu mdomoni. Huyu naye, ni nani anayemuuliza alilala lini?

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari na majuzi nimemaliza wiki zangu za uzazi na magonjwa ya wanawake. Sijaja hapa kulialia. Najua kuna wasee wanaobeba mawe kwenye mijengo kutwa nzima na hakuna anayewaandikia makala. Lakini jambo hili linakuhusu hata kama hujawahi kukanyaga chuo cha udaktari, kwa sababu siku moja wewe, dadako au mpenzi wako atalala kwenye kitanda kile.

Msimamo wangu ni huu. Mwanafunzi akeshe wodini, naam. Lakini zamu yake iwe na mwisho, awe na mtu anayemsimamia, na asitumiwe kuziba pengo la wafanyakazi ambao serikali haijaajiri.

Mtoto hajui saa za ofisi

Kwanza tukubaliane kwamba usiku ni lazima. Kuna wanafunzi wenzangu wanaotaka zamu za usiku zifutwe kabisa. Siungani nao.

Uchungu wa mimba ya kwanza unaweza kuchukua saa 12 na zaidi. Ukifika wodini saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, utaona vipande tu. Utamwona mama akiingia akitembea na kucheka na mamake, kesho utamkuta amebeba mtoto. Yale ya katikati, ambayo ndiyo udaktari wenyewe, yatakuwa yamekupita.

Na ya katikati hayasomeki kitabuni. Kitabu kitakwambia usikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila baada ya dakika 30, na mama akianza kusukuma usikilize kila baada ya dakika tano. Kitakwambia uweke mkono juu ya tumbo kwa dakika 10 na uhesabu uchungu umekuja mara ngapi. Lakini jinsi sauti ya mama inavyobadilika mtoto anapokaribia, au jinsi chumba kinavyonyamaza mtoto anapotoka bila kulia, utayajua ukiwa pale. Mengi ya hayo hutokea usiku, wakati wewe umelala.

Kwa hivyo hoja yangu si kwamba usiku ni mbaya. Hoja ni kwamba kuna tofauti kati ya kukesha ili ujifunze na kukesha kwa sababu hakuna mtu mwingine.

Kipimo rahisi

Utazitofautishaje? Mimi hutumia swali moja: mwanafunzi huyu akiondoka saa hii, kazi itasimama?

Kama jibu ni la, basi yuko pale kujifunza. Anashika, anauliza, anaelekezwa, anajaza daftari lake la hesabu ya wazazi aliowaona, aliowasaidia na aliowazalisha mwenyewe chini ya usimamizi. Hiyo ni shule.

Kama jibu ni ndiyo, basi huyo si mwanafunzi tena. Ni mfanyakazi asiyelipwa, tena anayelipa karo ili afanye kazi hiyo.

Na kazi zenyewe unazijua? Kupeleka damu maabara na kusubiri majibu. Kukimbilia benki ya damu saa nane usiku. Kusukuma kitanda hadi chumba cha upasuaji. Kutafuta faili iliyopotea. Kumshikia mpasuaji vyuma. Kila moja ina somo lake mara ya kwanza, hata ya tatu. Mara ya 30, ukiwa umekaa macho saa 26, somo limekwisha zamani. Kilichobaki ni miguu yako tu.

Wanaobeba mzigo huu si wa udaktari peke yao. Wanafunzi wa uuguzi, ukunga na utabibu kutoka vyuo vya KMTC wako wodi hiyo hiyo, usiku huo huo, na mara nyingi hawatajwi kabisa watu wanapozungumzia uchovu wa madaktari. Mkunga mmoja anapokuwa na akina mama wengi kuliko mikono yake, mwanafunzi yeyote aliye karibu anageuka mfanyakazi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Inatokea tu, kisha inazoeleka.

Damu haingoji uamke

Hapa ndipo utani unakwisha.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nchini Kenya akina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Muuaji mkuu ni kuvuja damu, hasa baada ya kujifungua. Mama anazaa salama, mtoto analia, watu wanapongezana, na dakika chache baadaye damu inaanza kutoka bila kukoma kwa sababu tumbo la uzazi limekataa kujikaza. Dawa zipo. Oksitosini hudungwa mara tu mtoto anapozaliwa. Tumbo husuguliwa. Dripu huwekwa. Lakini yote hayo yanategemea mtu mmoja aliyeona mapema.

Mwaka wa 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha zaidi ya wanawake 200,000. Wahudumu walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili damu ikusanyike na ionekane ni kiasi gani, badala ya kukisia kwa macho. Ikifika kiwango cha hatari, matibabu yote yanaanza kwa pamoja, papo hapo. Visa vya kuvuja damu nyingi kupita kiasi, upasuaji wa kuokoa maisha kwa sababu hiyo na vifo vyake, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60.

Asilimia 60! Na siri yake haikuwa mashine ya mamilioni. Ilikuwa kuona mapema na kutenda bila kuchelewa.

Sasa nijibu wewe: ni nani anayeona saa kumi alfajiri? Mara nyingi ni yule mdogo kabisa kwenye zamu, ndiye aliyeachwa kando ya kitanda huku wakubwa wakiwa chumba cha upasuaji na mama mwingine. Macho yake ndiyo kengele ya wodi nzima.

Na macho hayo yako katika hali gani? Mwaka wa 1997 watafiti nchini Australia walilinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 alifanya majaribio vibaya sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Ilipokaribia saa 24, ilikuwa kama asilimia 0.10. Ukikamatwa barabarani ukiwa na kiwango hicho, polisi wa Alcoblow hawatakuuliza kama ulikuwa na nia njema.

Katika wiki zangu wodini kulikuwa na mkunga mmoja mzee, mama wa watu, ambaye wanafunzi wote tulimwita Sista na kumwogopa kidogo. Usiku mmoja alimtazama mwenzetu aliyekuwa ameegemea ukuta na chati mkononi, akamwambia: “Enda ulale, daktari wangu. Hapa nataka mtu aliye macho, si mtu aliyesimama.”

Mwenzetu alijaribu kubisha. Sista akachukua chati, akamwonyesha mlango. Saa mbili baadaye yule kijana alirudi akiwa mtu mwingine.

Sista hakuwa na waraka wowote wa wizara mkononi. Alikuwa na akili tu. Shida ni kwamba usalama wa mama hauwezi kutegemea bahati ya kumkuta Sista kwenye zamu.

“Sisi pia tulikesha”

Najua jibu la wakubwa wetu. Wanasema: sisi tulikaa macho siku mbili, tukafuzu, na leo ndio tunaowafundisha ninyi. Kizazi cha simu hakitaki kusota.

Nawaheshimu, shikamoo zao ziko pale pale. Lakini usiku wao na usiku wetu si sawa. Mwaka wa 2003, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba takriban watoto wanne tu kati ya kumi walizaliwa wakisaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi. Ule wa 2022 ulionyesha karibu tisa kati ya kumi. Katikati hapo, Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bila malipo.

Hayo ni maendeleo na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini maana yake ni kwamba akina mama walioambiwa waje hospitalini, walikuja. Je, wakunga na madaktari waliongezwa kwa kasi ile ile? Muulize yeyote anayefanya kazi wodini akwambie.

Tena, kuteseka kwa aliyetangulia si mtaala. Kama babu yako alitembea kilomita 15 pekupeku kwenda shule, hilo linaonyesha ushupavu wake. Halionyeshi kwamba viatu huharibu masomo.

Wengine walishapitia mjadala huu. Mwaka wa 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki saa chache baada ya kulazwa katika hospitali moja jijini New York, akiwa chini ya madaktari wachanga waliokuwa wakifanya kazi kwa saa nyingi na usimamizi mdogo. Babake hakunyamaza. Mwaka wa 1989 jimbo la New York liliweka kikomo: wastani wa saa 80 kwa wiki, na si zaidi ya saa 24 mfululizo. Mwaka wa 2003 kikomo cha saa 80 kikaenea Marekani nzima kwa madaktari walio mafunzoni.

Sitakudanganya kwamba kikomo kilimaliza kila kitu. Utafiti mkubwa wa huko uliochapishwa mwaka wa 2016 kuhusu madaktari wanaojifunza upasuaji haukuona vifo vikiongezeka pale zamu ziliporuhusiwa kuwa ndefu kidogo. Sababu moja inayotajwa ni kwamba ukifupisha zamu, unaongeza mara ambazo mgonjwa anapokezwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na katika kupokezana ndipo habari hudondoka. Lakini angalia jambo moja: hata hao wa zamu ndefu walibaki ndani ya zile saa 80 kwa wiki. Wenzetu wanabishana kuhusu urefu wa kamba. Sisi kamba yenyewe hatujaifunga.

Kwa hivyo kikomo cha saa ni mwanzo tu. Lazima kiende pamoja na kupokezana zamu kwa mpango, kando ya kitanda, mama mwenyewe akisikia, na msimamizi anayejulikana kwa jina.

Pengo linaanzia juu

Usimlaumu mkunga wala daktari wa zamu. Naye amechoka.

Baada ya miaka sita chuoni, daktari huenda mwaka mmoja wa uanagenzi, na miezi mitatu kati ya hiyo huwa ni ya wodi ya uzazi. Hao wanagenzi ndio uti wa mgongo wa zamu za usiku. Lakini unakumbuka mwaka wa 2024? Madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya sababu kubwa ilikuwa wanagenzi hao hao: serikali ilichelewa kuwapangia vituo, kisha ikataka kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi ilhali mkataba wa 2017 ulisema karibu Sh206,000. Ilibidi tungoje hadi Desemba 2024 ndipo makubaliano ya kuheshimu mkataba yakatiwa saini.

Wanagenzi wanapokaa nyumbani wakisubiri barua, wodi haifungwi. Akina mama hawaambiwi wasukume baadaye. Kazi inateremka ngazi, hadi inamfikia wa chini kabisa, ambaye ni mwanafunzi. Ndiyo maana kila unaposikia kuhusu malipo ya wanagenzi, usidhani ni mambo ya madaktari na pesa zao. Ni mambo ya nani atakuwa kando ya kitanda chako.

Mama ana haki ya kujua wewe ni nani

Kuna upande mwingine wa wajibu wa mwanafunzi ambao sisi wenyewe hatupendi kuuzungumzia.

Ukivaa koti jeupe, mama atakuita “daktari”. Ni tamu masikioni. Lakini kama anakuruhusu umpime akidhani umefuzu, ruhusa hiyo imepatikana kwa njia isiyo sawa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kuhudumiwa. Maneno yenyewe ni mepesi: “Mama, mimi ni mwanafunzi. Daktari wangu ni yule pale. Naomba nikupime, na ukikataa hakuna tatizo.”

Wengi hukubali. Tena hukubali kwa moyo, kwa sababu umewaheshimu. Na anayekataa asinuniwe. Kupimwa ndani ukiwa na uchungu si jambo dogo, na kupimwa na watu watatu mmoja baada ya mwingine ili kila mmoja ajaze daftari lake ni dhuluma, hata kama nia ni kujifunza.

Uchovu na dharau ni majirani. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma ilimpa mama mmoja fidia ya Sh2.5 milioni kwa sababu alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Hakuna uchovu unaohalalisha hilo, kamwe. Lakini ukitaka lisitokee tena, huwezi kuwafunza vijana katika hali ambayo ubinadamu wao unakwisha ifikapo saa tisa usiku. Mwanafunzi huiga anachokiona. Akiona mama akifokewa na hakuna anayeshtuka, naye kesho atafoka.

Nini kifanyike?

Sitaki nikuache na malalamiko matupu. Haya yanawezekana bila kungoja bajeti mpya ya kitaifa.

Vyuo viandike kikomo cha saa za wanafunzi wodini na kukibandika ukutani. Pendekezo langu ni zamu ya saa 12, na aliyekesha asilazimishwe kuhudhuria mzunguko wa asubuhi wala darasa kabla ya kulala. Akishatoa taarifa ya usiku kwa wanaoingia, aende.

Kila zamu iwe na msimamizi mmoja aliyetajwa kwa jina, na mwanafunzi asihesabiwe kwenye orodha ya wafanyakazi. Hospitali ikipanga zamu ya usiku, ipange kana kwamba wanafunzi hawapo.

Kuwe na kitanda na mlango unaofungika kwa walio kwenye zamu, hasa wasichana. Na zamu isiishe saa sita usiku ukaambiwa ujitafutie boda boda hadi hosteli. Asubuhi moja mwenzangu alilala kwenye matatu hadi mwisho wa laini, akaamshwa na makanga. Tulicheka sana siku hiyo. Ningekuwa mamake nisingecheka.

Daftari la hesabu lipunguziwe nguvu. Mwanafunzi akifuatilia uchungu wa akina mama 10 tangu mwanzo hadi mwisho, amejifunza zaidi ya yule aliyekimbilia vichwa 30 vikitokeza ili apate saini.

Na wewe mwanafunzi mwenzangu, zamu yako ya kwanza wiki ijayo, kabla hujavaa glovu, uliza maswali mawili: msimamizi wangu leo ni nani, na zamu yangu inaisha saa ngapi? Ukikosa jibu la lolote kati ya hayo, liandike, mpelekee kiongozi wa darasa, naye alipeleke kwa mkuu wa idara. Msiende mmoja mmoja, nendeni kama darasa. Mmoja ataitwa mvivu. Darasa zima litaitwa kikaoni.

Nawe usiyekuwa mwanafunzi, ukimsindikiza mtu wako hospitalini, una ruhusa ya kuuliza kwa upole: “Samahani, wewe ni nani hapa, na nani anakusimamia?” Si matusi. Aliyefunzwa vizuri atafurahi kukujibu.